Fensi ya msumeno wa mkanda: ubao unaanza mnene, unaishia mwembamba

FundiWete

Assalaam alaykum mafundi.

Mashine ni msumeno wa mkanda wa magurudumu ya inchi 14, umetiwa kile kipande cha kurefusha shingo, kwa hiyo unapitisha ubao wa kimo cha inchi 12. Blaidi ina urefu wa inchi 105, upana nusu inchi, meno 6 kwa inchi. Fensi, ule ukingo wa mezani wa kuegemezea ubao, ni ile iliyokuja na mashine yenyewe: ya chuma, kimo chake inchi 2 na nusu, na inakazwa kwa mbele tu.

Kazi ni mbao za mninga za inchi 2 kwa 8, vipande vya futi 4. Kila ubao nataka niusimamishe kwa ubavu niupasue kati, nipate mbao mbili za kupiga randa mpaka milimita 19. Ni za masanduku na milango ya kabati.

Yanayotokea ni haya. Ubao unaanza na mm 22, ukifika mwisho umebaki 16. Halafu ukiutizama mkato kwa kichwani, juu na chini ni sawa, lakini katikati ubao mmoja umefanya tumbo na mwenziwe umebonyea, kama milimita 3 hivi. Na ubao ukiulazimisha ugande kwenye fensi, blaidi inalia na mti unatoka na mistari myeusi ya kuungua.

Naomba kujua: fensi ya kupasulia iwe na kimo gani? Iwe ndefu meza nzima au iishie kwenye blaidi? Na niitengeneze kwa kitu gani ambacho hakitavimba masika yakiingia, maana huku Pemba MDF, zile bodi za unga wa mti, haichukui muda?

---

KarakanaUnguja

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kabla hujaigusa fensi, vua hiyo blaidi.

Fensi kazi yake ni kuuongoza ubao. Blaidi haiongozi hata kidogo. Blaidi ikiwa na njia yake yenyewe, fensi hata iwe imara vipi itakachofanya ni kuubana ubao ubavuni mwa blaidi, na ndiyo hiyo kelele na hiyo mistari myeusi. Kwa hiyo fensi inakuja mwisho, vyengine vyote vikishakaa sawa.

Tumbo ulilolieleza linatokana na meno 6. Ubao wa inchi 8 ukisimama, meno 48 yamo ndani ya mti kwa wakati mmoja. Kila jino lina bonde dogo mbele yake la kuchukulia unga, na unga wa inchi 8 hauenei humo. Bonde linajaa kabla jino halijatokea chini, jino halifiki tena kwenye mti, wewe unaona haliendi unasukuma zaidi, na blaidi inapinda pale ambapo haishikwi na chochote, yaani katikati, baina ya beringi za juu na za chini. Tia blaidi ya meno 3 kwa inchi, mabonde mapana, ncha za meno zikiwa zimeinama mbele. Upana nusu inchi unatosha. Usishawishike na robo tatu: fremu ya mashine ya inchi 14 haiwezi kuikaza inavyotakiwa, tena yako imerefushwa shingo, inanyumbuka zaidi.

Baada ya hapo fuata hivi, na plagi iwe imechomolewa muda wote huo.

Fungua milango yote miwili usafishe mipira ya magurudumu. Unga uliochanganyika na utomvu unagandamana juu ya mpira ukafanya vinundu, na blaidi inacheza kila gurudumu likizunguka. Kwangua kwa kipande cha ubao, usitumie kisu.

Legeza beringi zote za pembeni na ya nyuma, za juu na za chini, zisiguse blaidi kabisa. Tia blaidi mpya, kaza. Kile kipimo cha mkazo kilichochorwa kwenye mashine kichukulie kama cha kukisia tu, springi ikichoka kinasema uongo. Pandisha kishikio cha juu, kile kinachobeba beringi za juu, mpaka kiwe inchi 6 juu ya meza, kisha sukuma blaidi kwa ubavu na kidole, kwa nguvu ya kawaida. Isogee kama milimita 6. Ikisogea zaidi ya hapo, ongeza. Na kila ukimaliza kazi ya siku ilegeze, vinginevyo mipira inaingia bonde na springi inakufa.

Weka rula ndefu iliyonyooka iguse magurudumu yote mawili kwa pamoja. Rula iguse ukingo wa juu na wa chini wa kila gurudumu. Kama gurudumu moja limeingia ndani kwa milimita 2 au 3, ongeza washa (ile pete bapa ya chuma) nyuma yake. Kipimo hiki kifanye blaidi ikiwa imekazwa, kwa sababu fremu ikivutwa magurudumu yanabadilisha mkao.

Sasa zungusha kwa mkono huku unageuza skrubu ya kulaza gurudumu la juu. Unatafuta mabonde ya meno yapite katikati kabisa ya mgongo wa gurudumu. Mabonde, wala si katikati ya upana wa blaidi. Hapa ndipo blaidi nyingi zinapoacha kuvuta upande, na watu wanapapita haraka.

Ndipo uzirudishe beringi. Za pembeni: pitisha noti moja baina ya beringi na blaidi kila upande, kaza, toa noti. Ukingo wa mbele wa beringi ubaki nyuma ya mabonde kwa milimita moja, maana beringi ikigusa meno inayanyoosha yale yaliyopindwa kulia na kushoto, na blaidi imekwisha kazi. Ya nyuma: iache nusu milimita. Mashine ikizunguka bila ubao isiguse, ubao ukiingia iguse. Fanya vivyo hivyo kwa zile za chini ya meza. Watu wanazisahau kwa sababu hazionekani, wakati nusu ya kazi ya kuzuia tumbo ni yao.

Mwisho meza iwe mraba na blaidi. Guni, kile kipimo cha pembe mraba, inasaidia, lakini hakikisho ni hili: chukua kipande cha ubao kilichonyooka, kikate kidogo tu kwa mbele, milimita 10. Zima. Kigeuze juu chini, kipeleke nyuma ya blaidi, uone kama mgongo wa blaidi unaingia ndani ya ule mkato. Ukiingia bila kukwama, meza ni sawa. Ukigonga pembeni, meza imelala, rekebisha ujaribu tena.

Ukishafika hapo ndiyo tuzungumze fensi.

---

RandaNaPatasi

Karakana amesema kweli tupu. Mimi nitajibu la fensi, kwa sababu hata mashine ikae vizuri namna gani, fensi ya inchi 2 na nusu haibebi ubao wa inchi 8. Ubao unainama juu wakati mkono wako unadhani umenyooka.

Kimo: angalau theluthi mbili ya kimo cha ubao. Kwa ubao wako wa mm 200, fanya 150 mpaka 180. Ikizidi hapo kishikio cha juu kitaigonga unapokiteremsha, labda uikate pembe.

Kitu cha kutengenezea: achana na MDF. Tumia marini bodi ya mm 18, ile nyeusi ya kumwagia zege. Uso wake umepakwa, ubao unateleza, na unyevu hauingii haraka. Ila chagua kipande kipya. Kilichokwisha tumika kwenye zege kina chembe za mchanga, kitakula uso wa mbao zako, na kwa kawaida kimeshapinda. Kila ukingo ulioukata upake vanishi mara mbili, maji yanapitia hapo. Njia nyengine ni kupita kwa mafundi wa madirisha ya alumini ukaomba kipande kilichobaki cha paipu bapa. Inanyooka vizuri sana na masika haiihusu.

Vipande vyenyewe:

Uso, mm 400 kwa 180. Kitako, mm 400 kwa 100. Pembetatu tatu za kushikilia kwa nyuma, mm 90 kwa 150, pembe yake ya mraba ikatwe kwa uangalifu kuliko kitu chengine chochote, kwa sababu hiyo ndiyo itakayousimamisha uso. Gundi na skrubu za mm 40, tundu litobolewe kwanza, marini bodi inapasuka matabaka ukiilazimisha. Chini ya ukingo wa uso, kwa mbele, piga randa kijinjia cha milimita 3 urefu wote, unga uingie humo. Bila hicho unga unakaa pembeni mwa meza na fensi, ubao unapanda juu yake, na mkato unakwenda kombo bila kujua sababu.

Ukitaka kutumia fensi yako ya chuma, toboa matundu mawili ya mm 6 ufunge huo uso juu yake kwa bolti za kichwa kilichozama. Mrekebisho wa kusimama unaufanya kwa vipande vya kopo la soda: kila kimoja ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Unavitia nyuma ya uso, juu au chini, kutegemea unainamia wapi.

Kuupima uso usimame: guni mezani, mgongo wake kwenye uso, mwanga usipite. Lakini usiishie hapo. Kinachotakiwa ni uso uwe sambamba na blaidi, meza ni shahidi tu. Kata kijiti kimoja kinachoenea sawasawa baina ya fensi na blaidi pale mezani, ukipandishe mpaka karibu na kishikio cha juu. Kienee vile vile. Fensi ikiinama milimita 1 tu kwa kila mm 100, ubao wako wa inchi 8 una tofauti ya milimita 2 juu na chini, na hizo ni milimita za randa ambazo huna.

Kufunga: fensi inayokazwa mbele tu inapelekwa na ubao kwa nyuma. Ishike ncha ya nyuma uisukume kwa mkono uone. Tia klampu nyuma ya meza kila unapopasua, halafu pima tena, kwa sababu klampu nayo inaivuta.

Kupima unene: pima kutoka uso wa fensi mpaka ncha ya jino lililopindwa upande wa fensi. Ukipimia kwenye ubavu wa blaidi utakosa kama robo milimita. Mninga wako wa inchi 2 ukishapigwa randa uso mmoja na kusawazishwa tuseme ni mm 46. Blaidi ya meno 3 inakula kama mm 1.3. Basi 46 toa 1.3, gawa kwa mbili, ni 22.35. Weka fensi 22.3. Kila ubao una mm 3 za kupotea kwenye randa mpaka ufike 19, ni nyingi za kutosha. Kwa hesabu hiyo hiyo ubao mmoja ungetoa tatu za mm 14.4, zikapigwa randa kuwa 12 kwa vibao vya ndani vya mlango.

Na kiwepo cha kuubana ubao kwa pembeni. Chukua ubao, kata kichwa chake kwa mshazari wa digrii 30, kisha uchane vidole vya milimita 6 kwa kina cha 60, utoke kama kitana. Ufunge kwa klampu uusukumize ubao kwenye fensi. Uwekwe kabla ya blaidi, vidole viishie kama inchi moja kabla ya meno, kwa upande wako. Ukiuweka usawa wa blaidi au baada yake, unaufumba mkato na blaidi inabanwa ndani. Kwa ubao wa inchi 8 utie juu ya kigogo cha mm 70, ubane kwenye kiuno cha ubao badala ya miguuni.

---

MtiMkavu

Naongeza moja ambalo hamjaligusa, upande ambao blaidi inavuta. Blaidi yoyote inaweza kuwa na njia yake kidogo, hata mpya. Fensi iliyosimama mraba na meza haitamsaidia kama blaidi inavuta kushoto.

Kupima ni rahisi. Ubao wa futi mbili, kingo zake zimenyooka. Chora mstari kwa mahati, sambamba na ukingo. Toa fensi. Kata kwa mkono ukifuata mstari, taratibu, urefu wa futi moja. Utajikuta unaugeuza ubao kidogo ili mkato usitoke mstarini. Ukifika hapo usiuachie, mwenzio azime mashine. Blaidi ikisimama, chora kwenye meza kwa penseli ukifuata ukingo wa ubao. Huo mstari ndio mwelekeo wa fensi. Legeza bolti za fensi, ilaze iufuate, kaza.

Fensi ikishafuata mwelekeo huo ubao unapita peke yake, na mkono unausikia wepesi wake.

---

KarakanaUnguja

MtiMkavu, kipimo chako nakikubali, dawa yake siikubali kuwa ya kwanza.

Kwenye meza ya mm 400, mstari wako ukienda kombo milimita 7 hiyo ni digrii moja. Chini ya hapo sawa, laza fensi uendelee. Lakini ukiona milimita 12, 15, hapo blaidi inakwambia kitu kibovu. Ama haipiti katikati ya gurudumu, ama meno ya upande mmoja yamekufa. Blaidi iliyogusa msumari upande wa kulia, meno ya kulia hayakati tena, basi inavuta kushoto, na kila ubao itavuta zaidi. Ukiilaza fensi leo, kesho si hiyo tena. Utakuwa unaifukuza fensi kila asubuhi.

Jaribu kwanza kugeuza skrubu ya kulaza gurudumu la juu, robo mzunguko kwa mara moja, ukirudia kipimo cha MtiMkavu. Blaidi ikisogea mbele au nyuma juu ya mgongo wa gurudumu, uelekeo wake unabadilika. Mara nyingi unaipata sambamba na mfereji wa meza, na fensi inabaki pale pale hata ukibadilisha blaidi.

---

MtiMkavu

Tumekubaliana kwenye digrii moja basi. Nilichotaka asifanye ni kuisimamisha fensi kwa guni halafu aushindilie ubao.

Kuhusu ndefu au fupi, aliloliuliza mwenyewe: fensi ndefu ya meza nzima inataka blaidi iwe imetulia sawasawa. Kwa mbao zenye mawazo, zile ambazo zikipasuliwa zinajifungua au zinajifumba, fupi ni bora. Ishie milimita 20 hivi kupita meno. Ubao ukishapasuliwa uwe huru kwenda unakotaka, hauna cha kuusukuma urudi kwenye blaidi.

Ipo na ya tatu, nguzo. Kipande kilichosimama cha kimo hicho hicho cha 180, uso wake umeviringwa mduara, kikafungwa ili ule mgongo wa mduara ukae usawa na ncha za meno, au milimita 3 kabla yake. Unauongoza ubao kwa mkono kufuata mstari uliochorwa juu, nguzo inashika unene tu. Ni ya taratibu na inahitaji jicho lisitoke kwenye mstari, lakini kwa blaidi iliyochoka, au ubao wenye nyuzi zilizozunguka, inaokoa. Usiweke mgongo wa nguzo nyuma ya meno, ubao unakosa pa kuegemea kabla ya kukatwa.

---

FundiWete

Allah awalipe kheri. Matokeo mpaka sasa, blaidi ya meno 3, fensi ya marini bodi kimo 170:

Tumbo limekwisha. Kipande cha futi 4 kimeanza 22.3 na kuishia 21. Juu ni 22.5, chini 21.7. Mstari wa MtiMkavu umetoka kombo milimita 4 kwa meza nzima, kushoto. Fensi iko kulia kwangu, na unene naupima kwenye ubao wa upande wa fensi.

Lililobaki: sauti, inapiga tiki moja kila mzunguko wa blaidi. Na ubao baada ya kutoka ulikuwa sawa, asubuhi yake umejikunja kama mm 5 kwa urefu wote.

---

RandaNaPatasi

Juu 22.5, chini 21.7, hiyo ni fensi, imelala nje kwa juu. Tofauti ni 0.8 kwa mm 200. Fensi yako ina 170, kwa hiyo tia vipande vya kopo saba nyuma ya uso kwa juu, mpaka uso usogee mbele kama mm 0.7. Pima tena kwa kijiti.

Milimita 1.3 zilizopungua kwa urefu, na mstari ni milimita 4 kushoto: hiyo ni nusu digrii tu. Ila usiirekebishe kabla ya kuangalia klampu ya nyuma. Ncha ya nyuma ikisogea, unene wa ubao wa upande wa fensi unabadilika kadiri unavyokwenda, na inafanana kabisa na blaidi kuvuta. Kaza klampu, rudia kipimo, halafu ndiyo uilaze fensi kama mstari haujabadilika.

---

KarakanaUnguja

Tiki ni kiungo. Blaidi imechomelewa hapo, na ama chuma kilichomwagika hakijapigwa tupa kikaisha, ama ncha mbili hazikuunganishwa kwenye mstari mmoja. Zungusha kwa mkono mpaka kiungo kifike mbele yako, weka rula kwenye mgongo wa blaidi. Rula ikicheza juu ya kiungo, mgongo una nundu, unaipiga beringi ya nyuma kila ukipita. Nundu ndogo itoe kwa tupa laini. Kama ni pembe hasa, blaidi imepinda, irudishe ikatwe iungwe upya, kwa sababu kila mzunguko inakwenda mbele na kurudi nyuma, na mkato utakuwa na mawimbi.

Swali moja yakhe. Mashine yako ni ya soko gani? Kama ni ya Marekani, mota ni ya hezi 60 na umeme wetu ni 50. Mota inazunguka sehemu tano kati ya sita za mwendo wake, na blaidi hivyo hivyo. Badala ya kama mita 900 kwa dakika unapata 750. Inakata, ila usukumaji upungue kwa kadiri hiyo. Mwendo unarudi ukibadilisha puli ya mota: ya mm 60 tia ya 72. Lakini mota isije ikawa inalemewa, ishike, ikiwa moto usioweza kuweka mkono, rudisha puli ya zamani. Na waya wa kurefusha usiwe wa milimita mraba 1.5, tia 2.5.

---

BintiSeremala

Kaka FundiWete, huko kujikunja kwa asubuhi fensi haihusiki. Ni ubao.

Mbao nyingi zinazotuvukia kutoka bara zinakuwa zimekauka nje tu. Ndani bado ni mbichi. Ukiupasua kati, uso mmoja ni wa zamani na mkavu, mwengine umefunguliwa sasa hivi na una maji. Ule mbichi unakauka unajivuta, ubao unakunjika kuelekea upande uliopasuliwa. Pasua kwanza, ukiacha unene wa kutosha, upange mbao kwa vijiti vya unene mmoja baina yake, ncha zote mbili na katikati, uzito juu, kivulini penye upepo. Wiki mbili kwa uchache, kisha ndiyo randa ya mwisho. Usizilaze juu ya sakafu ya saruji, zinanyonya unyevu upande mmoja. Zile mm 3 alizokuhesabia RandaNaPatasi zinatosha kwa ubao uliokauka. Kwa uliojikunja mm 5 kwa futi 4 hazitoshi. Ukate vipande vifupi vya kazi kwanza, futi moja na nusu au mbili, halafu ndiyo uvipige randa. Mkunjo unagawanyika.

Kabla ya kuusogeza ubao kwenye fensi, uso unaoegemea uwe umepigwa randa ukanyooka, na ukingo unaokaa mezani uwe mraba na uso huo. Ubao uliojipinda ukiegemezwa kwenye fensi iliyonyooka unacheza, na mkato unafuata mchezo wake. Ukipasua vipande vitatu kutoka ubao mmoja, kila ukitoa kimoja upige randa uso uliobaki kabla ya kurudi.

Na miti haifanani. Mvule una mawe ndani, chokaa ngumu kama kokoto, huyaoni mpaka blaidi itoe cheche, na baada ya hapo inavuta upande. Vumbi lake linawasha macho na kifua, vaa barakoa. Msaji una mchanga wa asili unaoua ncha za meno haraka, na mafuta yake yanagandia blaidi. Futa kwa kitambaa cha mafuta ya taa, mashine ikiwa imezimwa na plagi nje. Mfenesi mbichi una utomvu, unaijaza mipira ya magurudumu kwa siku moja, uache ukauke. Mbao za majahazi ya zamani na vizingiti vilivyovunjwa pitisha sumaku kila upande, misumari mengine imezama inchi nzima. Hata hivyo sumaku haioni shaba, kwa hiyo tizama madoa ya kijani.

Kwenye kusukuma: kasi moja, bila kusita. Sauti ya blaidi ikishuka, unasukuma mno. Mti ukiungua, ama umesita ama blaidi imekufa. Kishikio cha juu kiteremshe kibaki milimita 6 juu ya ubao, na upime beringi tena baada ya kukiteremsha, maana nguzo yake mara nyingi hainyooki. Futi ya mwisho usisukume kwa vidole. Tumia kigogo chenye kisigino, au mwenzio aupokee nyuma na auvute bila kuutanua. Ikibidi kurudisha ubao nyuma mkatoni, zima mashine kwanza mpaka blaidi isimame, vinginevyo unaivuta itoke kwenye magurudumu.

---

FundiWete

Swali dogo la mwisho. Meza inashika kutu kila wiki na ubao unakwama. Nitumie mafuta ya mashine?

---

BintiSeremala

La, mafuta yanaingia kwenye mti na vanishi haishiki. Toa kutu kwa msasa wa namba 400 na mafuta ya taa kidogo, futa mpaka kitambaa kitoke safi, halafu paka mshumaa mweupe wa kawaida meza nzima na uso wa fensi, usugue kwa kitambaa kikavu mpaka ung'ae. Upepo wa kusi ukianza rudia kila wiki, na usiku funika mashine kwa shuka ya pamba, si nailoni. Nailoni inafungia jasho.